Mikondo ya Ami Mwinyihaji

Ami alitaka namba iwe kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshaikuza mara kadhaa, na kila nilipoikuza alikuja, akainama mbele ya skrini hata ndevu zake zikakaribia kugusa vibonye, akatikisa kichwa.

"Bado, Mwanatabu. Namba ya Bismillahi haiwi kama namba ya tiketi. Itie nguvu."

"Inshallah, Ami," nikamjibu, na moyoni nikasema maneno mengine.

Namba yenyewe ni 786, hesabu ya herufi za Bismillahi, ambayo wazee wetu huiandika juu ya kila karatasi ili jina lenyewe lisije likatupwa jalalani au kufungiwa maandazi. Babu yangu aliiandika juu ya risiti za duka lake Likoni. Ami Mwinyihaji, ndugu yake marehemu baba yangu, aliihamishia Miritini alipofungua yadi ya makontena, na tangu siku hiyo hapana karatasi iliyotoka getini bila 786 juu yake. Hati za makontena, ilani za likizo, hata tangazo la choo kuharibika, vyote vilikuwa nayo. Sikuwa na ugomvi na namba. Ugomvi wangu ulikuwa na ukubwa wake, na kuchoka.

Nilikuwa nimechoka mwaka ule wa tisini na tatu kuliko nilivyowahi kuchoka. Nyumbani kwetu ni Likoni, kazini ni Miritini, na katikati kuna feri, mji mzima, na barabara ya malori. Nikifika ofisini vumbi limeshanikaa kwenye mtandio, na siku haijaanza. Nikirudi, mama ameshalala. Kwa hiyo hoteli moja ya Shelly Beach iliponiambia inataka mtu wa kutazama kompyuta zake za mapokezi, mahali ninapoweza kwenda kwa miguu na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana, nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa kitanda.

Nilimwambia Ami siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufa, akanipeleka Nairobi kujifunza kompyuta wakati watu wa mtaani wakimuuliza msichana atazifanyia nini. Siwezi kumwacha vivi hivi. Kwetu mtu haondoki bila radhi. Ningeondoka bila radhi za Ami, mama asingenitia tonge mdomoni.

Ami akasema, "Maliza hiyo programu yako. Mawakala wa meli wakiikubali disketi, n'takupa radhi zangu, wende."

Basi nikashika kazi.

Programu ilikuwa yangu, na jina lake lilikuwa "toa". Unaandika "toa", unaandika jina la meli, kisha unaeleza wapi unataka orodha ya makontena yake itokee: kwenye skrini, kwenye printa, au kwenye disketi. Hapana picha, hapana rangi, ni amri moja tu unayoipiga kwa vidole. Mawakala wa meli walikuwa wamechoka na makaratasi na sasa walitaka disketi, ambayo mashine yao ingeisoma yenyewe. Walisema yadi isiyoweza kutoa disketi, makontena yake yatapelekwa yadi nyingine. Ndio maana Ami aliikubali kompyuta, ingawa alikuwa akiitazama kama mkwe asiyemchagua.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeiandika vibaya hapo mwanzo. Njia ya skrini nimeiandika mbali, ya printa mbali, ya disketi mbali. Kila Ami alipotaka jambo libadilike nilibadilisha mara tatu, na mara nyingi nilisahau moja. Mchovu hasahau yote. Husahau ile moja itakayomfedhehesha.

Nikaamua kuziunganisha zile njia ziwe ukoo mmoja. Juu nikaweka mzazi, nikamwita Mkondo. Ni mzazi wa ajabu, kwa sababu yeye mwenyewe hafanyi kazi yoyote. Huwezi kumtuma. Kazi yake ni kuamuru tu: kila mtoto wangu lazima ajue kufungua, kuandika na kufunga. Atafanyaje, hilo ni shauri lake mtoto. Chini yake nikaweka watoto watatu, Skrini, Printa na Disketi, kila mmoja na namna yake ya kutii. Uzuri wake ni kwamba programu iliyobaki haihitaji kujua inazungumza na mtoto yupi. Inasema "andika" tu, na aliye zamu anaandika.

Nilimweleza hayo Selpher, karani wetu, siku za mwisho kabla hajaenda kujifungua. Alikuwa amekaa kitako upande kwa ajili ya tumbo, anapanga hati za Ami.

"Mzazi anatoa amri tu, hafanyi kitu," akarudia.

"Ndiyo."

"Huyo namjua. Yuko kwangu Changamwe saa hii, amelala kwa kochi."

Selpher alikuwa mtu wa kelele. Kila alipompelekea Ami hati za kutia sahihi, alizisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini: kontena la nani, limetoka meli gani, linakwenda wapi, halafu husema, "Weka hapa, Mzee." Sauti yake ilipita ukuta ikaja kunikalia kichwani wakati nahesabu mambo yangu. Mara ngapi nilitamani anyamaze. Alipokwenda likizo ya uzazi nilisema alhamdulillahi, na sikujua nasema nini.

Ni baada ya hapo ndipo Ami alipoanza habari za namba. Kwanza ilikuwa ile ya karatasi ya printa, ambako nilikuwa nimeiandika kwa herufi za kawaida. Akataka ikuzwe. Nikaijenga kwa nyota, nyota nyingi zilizopangwa zikafanya saba, nane na sita, upana wa karatasi nzima. Akaitaka na kwenye skrini. Kisha akataka kujua kama imo kwenye disketi.

"Disketi haionekani, Ami. Nani ataiona humo ndani?"

"Mwenyezi Mungu haoni?"

Nami nilikuwa nimechoka kumtia mtoto mmoja mmoja kile ambacho wote walitakiwa kuwa nacho, kwa hiyo nikaiweka namba kwa mzazi. Ikawa kila mkondo ukifunguka, uwe wa skrini, wa printa au wa disketi, unaanza kwa 786 kubwa ya nyota. Nikaona nimefanya la maana. Disketi ya kwanza ikapelekwa kwa mawakala, nami nikaanza kuwaza nguo gani nitavaa Shelly Beach.

Wakala alipiga simu kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Alikuwa kijana mpole, na upole wake uliniumiza zaidi.

"Dada, mashine yetu inatafuta jina la meli kwenye mstari wa kwanza. Kwenu inakuta nyota. Inakataa orodha yote."

Akasema meli iko njiani, na kama hawatapata disketi inayosomeka kabla haijafunga gati, wakubwa wake watayapeleka makontena kwingine. Nilimshukuru, nikaweka simu, nikaegemeza kichwa kwenye kompyuta. Ilikuwa na joto na inavuma. Nilikaa hivyo mpaka Garama, mlinzi wetu mkubwa wa getini, alipoingia kuuliza jambo jingine.

Alikuwa ameshika hati. "Dada, Mzee ametia sahihi juu ya jina la mwenye mali. Na hili kontena si la kutoka leo. Nimelirudisha."

"Ana haraka siku hizi," nikasema. "Mwachie mezani."

Garama akaipeleka hati mezani kwa Ami, akarudi getini.

Nilimwendea Ami, nikamweleza habari za mawakala. Alisikiza akiwa amefumba macho, vidole vinazungusha tasbihi.

"Watu gani hao wasiotaka jina la Mungu?"

"Si watu, Ami. Ni mashine. Inasoma mstari wa kwanza tu, haijui mambo mengine."

"Basi na ifunzwe."

"Si yangu nikaifunza. Niruhusu niitoe namba kwenye disketi peke yake. Kwenye karatasi ibaki. Kwenye skrini ibaki."

"N'shakwambia, Mwanatabu. Hapana kitu kitakachotoka yadi hii bila namba. Kama makontena ni ya kukaa, na yakae."

Nilitoka na hasira. Nilijua ningeweza kuitoa kimyakimya. Ni kufuta mstari tu, na disketi ni kipande cha plastiki nyeusi, nani angejua. Lakini angeniuliza, "Umeitia?" nami ningelazimika kumtazama usoni yule mtu aliyenilipia shule na kumwambia nimeitia. Sikuwa na nguvu hizo. Uongo nao ni kazi, na mimi kazi zilikuwa zimenijaa.

Nikasema nitaibadilisha programu kwanza, ugomvi baadaye. Nikaitoa namba kwa mzazi. Mahali pake nikaweka amri mpya: kila mtoto lazima ajue kuandika kichwa chake mwenyewe. Mzazi hasemi kichwa kiwe nini. Anasema tu kiwepo. Mashine ni kali hapo. Mtoto asiyejibu amri ya mzazi, programu nzima haikubali kuundwa. Lakini ukijibu kwa jibu tupu, ukasema "kichwa changu ni hiki" na usiweke kitu, inakubali bila kinyongo. Nina ndugu wa hivyo, mmoja yuko Dubai. Mama akisema mtu aje, hujibu barua vizuri sana.

Printa nikampa namba yake kubwa. Disketi nikampa jibu tupu. Nilikuwa bado sijafika kwa Skrini, maandishi ya programu yamejaa mbele yangu mstari kwa mstari, Ami alipoingia kutoka msikitini. Miguu ilikuwa bado na maji ya udhu.

"Umefika wapi?"

Kabla sijajibu akainama kwenye skrini kama kawaida yake. Alikaa hapo muda. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande.

"Mashallah," akasema. "Makontena yamepangika vyema. Orodha imenyooka. Lakini mbona hukuitia namba?"

Niliitazama skrini. Hapakuwa na kontena hata moja. Hapakuwa na orodha. Kulikuwa na programu yangu, mabano na nukta mkato na maneno ya Kizungu yaliyokatika katikati, kitu ambacho hakifanani na orodha hata kwa mtu aliyeamka sasa hivi.

Nilifikiria ndevu zake kwenye vibonye. Nilifikiria hati ya Garama, na sahihi juu ya jina la mtu. Nikamsikia Selpher upande wa pili wa ukuta, ambako hakuwepo, akisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini na kusema, "Weka hapa, Mzee."

"Ami," nikasema, "kontena la kwanza hapo ni la nani?"

Akajinyoosha pole pole. Mkono wake ukatafuta mgongo wa kiti, ukaukosa, ukaupata.

"Usinipime, mwanangu," akasema.

Nilipaswa kumwonea huruma. Ilikuja baadaye, kilichotangulia ni hasira. Nikamuuliza ametia sahihi hati ngapi tangu Selpher aondoke, na kama anajua kwamba mzigo wa mtu ungetoka getini ukapotelea Mariakani, na kwamba Garama ndiye aliyemsitiri. Nilisema yote hayo kwa sauti ya chini kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na sauti ya chini ikawa mbaya kuliko kelele.

Akaketi. "Ni mtoto wa jicho," akasema. "Yote mawili. Daktari ataka kunipasua. Nami baba yangu walimpasua, nikamshika mkono mpaka alipokufa, haoni hata mwanga wa dirisha."

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Kwako ni zamani." Akaishika tasbihi. "Watu wa forodha wakijua, watasema mwenye yadi ni kipofu. Watanipokonya leseni. Na hawa wote hapa watakula wapi?"

"Na namba?"

"Namba naiona." Alisema kama mtoto anayeeleza mahali alipoficha kitu. "Ukiifanya kubwa naiona. Nikiiona juu najua karatasi haikupinduka, najua ni yetu, najua sahihi yakaa chini yake. Mengine yote ni ukungu."

"Kwa hivyo si baraka uliyokuwa wataka."

"Baraka naitaka, Mwanatabu. Lakini pia nataka kujua juu ni wapi."

Nikakaa na mimi. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, na Garama anampigia dereva kelele aende kushoto.

"Na disketi?" nikamuuliza. "Disketi husomi. Ungeniacha nikaitoa, ningekuwa nimemaliza."

Alikuwa amegeuza uso dirishani, ambako labda aliona mwanga tu.

"Ungekuwa umemaliza," akasema. "Wallahi, nilikuwa nakuzuia. Selpher hayupo. Nikakuona nawe wafunga mizigo. Nikasema kila siku nitatafuta kasoro moja."

Hilo liliniuma kuliko yote. Siku zote zile za feri na vumbi, nikijiona mimi ndiye mwandishi mbovu, nikifumua na kushona upya, kumbe kasoro haikuwa kwenye kazi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba nimechoka mpaka mifupa, kwamba mama yangu nimemwona usingizini tu tangu mwezi umeingia, na kwamba angeniomba kwa mdomo ningebaki, lakini kunifunga kwa namba ya Mungu hakukuwa haki.

"Kweli," akasema. "Si haki."

Akanyoosha mkono hewani, nami nikausogelea kwa sababu hakuwa na hakika nilipo. Akauweka kichwani pangu.

"Radhi zangu unazo. Za mbele na za nyuma. Itoe hiyo namba kwenye disketi, na kesho usije. Wende kwa mamako."

Nilimaliza kazi alasiri ile. Skrini nikampa 786 kubwa kuliko zote, inayojaza nusu ya kioo, na orodha chini yake. Printa alikuwa tayari. Disketi nikamwacha na jibu lake tupu. Garama akaipeleka disketi mwenyewe kwa baiskeli, na kabla ofisi haijafungwa yule kijana mpole akapiga simu kusema imesomeka yote, bila kosa. Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani na shingo bado imekakamaa.

Usiku ule mama alinisikiza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu, "Nani atamsomea?"

Asubuhi nilipiga simu hotelini nikiwa kwenye duka la jirani. Nikawaambia nahitaji muda, mpaka ami yangu apasuliwe macho na karani wake arudi. Mama aliyepokea simu alinisikiliza kwa adabu, akasema wao wanahitaji mtu sasa, akanitakia kheri. Nikarudisha simu ya watu mahali pake, nikashuka kwenda feri.

Ami alikuwa ofisini, kalamu mkononi, rundo la hati mbele yake, hajagusa hata moja. Aliposikia viatu vyangu akainua uso.

"Selpher?"

"Mwanatabu, Ami. Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Si nilikwambia usije?"

"Uliniambia. Jumatatu twaenda hospitali ya macho. Ukikataa narudi Likoni sasa hivi."

Hakukataa. Nikavuta kiti karibu na chake. Mezani kulikuwa na orodha ya makontena ya meli, ileile iliyokwenda kwenye disketi, ambayo nilikuwa nimeichapa bila mapambo ili kuihakiki. Nikaishika. Radhi nilikuwa nazo kamili, na bado nilikuwa nimekaa Miritini na vumbi kwenye mtandio.

"Anzia juu," akasema.

"Hii ni ya disketi. Juu hapana kitu, Ami."

Kalamu yake ilikaa hewani, na macho yake yakawa yanatazama mahali sauti yangu ilipotoka, yanangoja.

"Bismillahi," nikasema, nikaanza kumsomea kontena la kwanza.